Maji maangavu huenda yakawa na sumu ya viwandani

Mwulize Mkenya yeyote maji salama ni yapi, naye atakujibu kuwa ni yale yaliyochemshwa. Ukiwa unahofia kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara damu, jibu hilo ni sahihi kabisa. Viini vya maradhi hayo hufa maji yanapotokota. Lakini kuna uchafu mwingine ambao moto hauuwezi. Hauna rangi, aghalabu hauna harufu, na haumwumizi mtu tumbo. Uchafu huo ni kemikali zinazotumiwa viwandani na katika gereji kuyeyusha grisi, rangi na gundi.

Kemikali hizi huitwa viyeyushi. Wewe msomaji huenda umeshika mojawapo leo. Thina ya kupunguza uzito wa rangi ni mchanganyiko wa viyeyushi. Dawa inayotumiwa na madobi wa drai klini kusafisha suti bila maji ni kiyeyushi kiitwacho tetrakloroethilini. Ndugu yake, trikloroethilini, ilitumika kwa miaka mingi kuosha vyuma vya mashine na vya ndege. Benzini nayo ni sehemu ya mafuta ya petroli.

Kemikali hizi zikimwagwa ardhini hazipotei. Baadhi ni nzito kuliko maji, hivyo huzama polepole hadi kwenye maji yaliyo chini ya ardhi, na zikifika huko hukaa kwa miongo mingi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Viyeyushi ndivyo hasa visivyozoleka.

KAMBI ILIYOKUNYWA SUMU

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea Marekani, katika jimbo la North Carolina, kwenye kambi kubwa ya kijeshi iitwayo Camp Lejeune. Wanajeshi waliishi pale na wake zao na watoto wao. Walikunywa maji ya visima vya kambi, wakayapikia na kuyaoga. Kwa mujibu wa serikali ya Marekani, maji hayo yalikuwa na sumu kuanzia Agosti 1953 hadi Desemba 1987. Inakadiriwa kwamba huenda watu waliopitia kambini katika kipindi hicho wanafika milioni moja.

Sumu ilitoka pande kadhaa. Matangi ya mafuta yaliyofukiwa ardhini yalivuja. Taka za karakana zilitupwa ovyo. Na nje ya ua wa kambi kulikuwa na duka moja la drai klini ambalo kemikali yake ilipenya hadi kwenye visima vilivyolisha mtaa mmoja wa makazi. Naam, duka moja la dobi.

Mnamo 1982, trikloroethilini katika maji ya mfereji wa sehemu moja ya kambi ilipimwa ikafika mikrogramu 1,400 kwa kila lita. Ili upate picha, mikrogramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja iliyokorogwa katika malori mia moja ya maji, kila lori likibeba lita 10,000. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani hivi sasa ni mikrogramu tano. Familia za wanajeshi zilikuwa zikinywa mara 280 ya kiwango hicho.

'HAIJAKATAZWA'

Hapa ndipo penye funzo. Maabara zilianza kutoa onyo tangu 1980 na 1981, na kufikia 1982 kemikali zenyewe zilikuwa zimetajwa kwa majina. Hata hivyo, visima vilivyoathirika vibaya zaidi havikufungwa hadi mwisho wa 1984 na mwanzo wa 1985. Kwa nini? Sababu mojawapo iliyotolewa na wakuu ni kwamba wakati huo hakukuwa na kiwango cha kisheria cha kemikali hizo katika maji ya kunywa. Marekani ilikuwa na Sheria ya Maji Salama ya Kunywa tangu 1974, lakini kiwango cha trikloroethilini hakikuanza kutumika hadi 1989.

Kwa maneno mengine, sumu ilikuwa haijakatazwa, hivyo haikuhesabiwa kuwa sumu. Mwili wa binadamu hauijui hesabu hiyo. Figo ya mtoto haingoji gazeti rasmi la serikali ndipo idhurike.

Gharama yake ilionekana baadaye. Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwatibu waliougua, na 2017 serikali ikakubali kuwa maradhi manane yahesabiwe kuwa yametokana na maji hayo kwa wanajeshi waliokaa kambini siku zisizopungua 30. Miongoni mwayo ni kansa ya figo, ya ini na ya kibofu, kansa ya damu kwa watu wazima, na ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria nyingine iliyowaruhusu waathiriwa kudai fidia mahakamani. Mwaka 2023 utafiti uliowalinganisha wanajeshi zaidi ya 340,000 ulionyesha kuwa waliokaa Camp Lejeune walikuwa na hatari ya kupata Parkinson iliyozidi kwa asilimia 70 ile ya wenzao waliokaa kambi ya California isiyokuwa na uchafu huo. Wengi wao walikunywa maji hayo wakiwa vijana, na maradhi yakawajia miaka mingi baadaye.

Si kila aliyekunywa aliugua, wengi hawakuugua. Lakini hakuna aliyeulizwa kama anakubali kubahatisha.

NDUGU YAKE WA LEO

Huenda ukadhani hayo ni mambo ya kale. Sivyo. Kuna kiyeyushi kingine kiitwacho dioksani ambacho hadi leo Marekani haijakiwekea kiwango cha kisheria cha taifa zima katika maji ya kunywa, ingawa shirika lake la mazingira limekitaja kuwa huenda kinasababisha kansa kwa binadamu. Kati ya 2013 na 2015 mashirika ya maji ya nchi hiyo yaliagizwa kukitafuta. Kilipatikana katika takriban shirika moja kati ya kila matano yaliyopima.

Karibu na mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, kiwanda kimoja kilichotengeneza vichujio vya kitabibu kilitumia dioksani tangu 1966 hadi 1986. Maji machafu ya kiwanda yalinywewa na ardhi, na uchafu ukasambaa chini ya mji kwa kilomita kadhaa. Mwaka 2001 mji ulilazimika kufunga kisima chake kimoja. Jimbo hilo liliruhusu mikrogramu 85 kwa lita kwa miaka mingi, hadi 2016 lilipoteremsha kiwango hicho kufika 7.2. Jimbo la New York, ambako wakazi wa Long Island hutegemea maji ya chini ya ardhi, liliweka mikrogramu moja tu mnamo 2020. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza yasizidi 50.

Msomaji atauliza, vipi wataalamu wapishane hivyo? Ni kwa sababu hatari hii hukadiriwa kutokana na majaribio ya wanyama, na kila mamlaka ina namna yake ya kukadiria na tahadhari yake. Wasichopishana ni kwamba kemikali hii haina faida yoyote ndani ya mwili wako.

NIKICHEMSHA JE?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu huuliza. Jibu linategemea kemikali yenyewe. Trikloroethilini na benzini hupaa kwa urahisi, kwa hiyo ukichemsha maji sehemu yake huondoka na mvuke. Lakini huondoka kwenda wapi? Hubaki hewani jikoni mwako, nawe ukaivuta. Vivyo hivyo, mtu anayeoga maji ya moto yenye kemikali hii katika bafu lisilo na dirisha huipata kwa pumzi na kwa ngozi, hata kama hanywi tone.

Dioksani ni kaidi zaidi. Huchanganyika na maji kama sukari katika chai, na hutokota karibu sawa na maji yenyewe. Kuchemsha si njia ya kutegemea ya kuiondoa.

Dawa ya klorini tunayotia majini huua viini tu; haiondoi viyeyushi. Kichujio cha makaa maalumu hunasa trikloroethilini na benzini iwapo makaa hubadilishwa kwa wakati, lakini dioksani nyingi hukipita. Kwa kawaida huondolewa kwa mitambo mikubwa ya mwangaza mkali na kemikali nyingine, jambo ambalo haliwezekani nyumbani.

Tafadhali usinielewe vibaya. Endelea kuchemsha au kutibu maji yako. Kipindupindu huua kwa saa chache, ilhali viyeyushi huchukua miaka. Ninachosema ni kwamba sufuria haiwezi kufanya kazi ya mkaguzi.

HATA DAKTARI HAWEZI KUONA

Wengine watasema, basi nikapimwe damu. Kipimo hicho hakitakufaa sana. Mwili huondoa trikloroethilini kwa muda wa siku chache, hivyo damu ya leo haisemi ulikunywa nini mwaka juzi. Wala hakuna dalili maalumu. Kiasi kikubwa huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, lakini kiasi kidogo cha kila siku hakina dalili yoyote. Mgonjwa wa kansa ya figo anapokuja kliniki, kansa yake haina alama ya kuonyesha ilitoka wapi. Kwa hiyo ugonjwa wa namna hii haugunduliwi hospitalini. Hugunduliwa kisimani, kabla mtu hajaugua, au haugunduliwi kabisa.

SISI HAPA NYUMBANI

Mitaa mingi ya miji yetu hunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo, na mengine huuzwa kwa malori bila mnunuzi kujua yametoka wapi. Katika mitaa hiyo hiyo mna vituo vya petroli, gereji, wapaka rangi za magari na maduka ya drai klini. Sisemi maji yako yana sumu. Nasema kwamba vitu vilivyoiletea Camp Lejeune balaa, yaani tangi la mafuta, karakana na dobi, hata sisi tunavyo, na kisima chenye maji maangavu hakiwezi kujitetea wala kujishtaki.

Kipimo cha kawaida cha kisima kipya huangalia viini, chumvi na floridi. Hayo ni ya lazima, hasa floridi inayoharibu meno na mifupa ya watoto wetu. Lakini viyeyushi havionekani katika kipimo hicho. Ni lazima viombwe kwa jina lake, na maabara iwe na mashine ya kuvipima.

Basi ufanye nini?

Kwanza, jua maji yako yanatoka wapi. Mwulize mwenye nyumba, kamati ya mtaa au mwenye lori. Kama ni kisima, angalia kilichopo jirani, na kilichokuwapo zamani. Kituo cha petroli kilichofungwa miaka kumi iliyopita bado huenda kina tangi linalovuja.

Pili, ombeni matokeo ya vipimo kwa maandishi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kipimo cha viyeyushi ni ghali kwa mtu mmoja, lakini wakazi mia moja wanaotumia kisima kimoja wanaweza kuchangishana.

Tatu, amini pua yako nusu. Maji yakinuka petroli, thina au rangi ya kucha, acha kuyanywa na kuyaoga, upige ripoti kwa wenye kisima na kwa afisa wa afya ya umma. Lakini yasiponuka, usidhani yamefaulu mtihani. Nyingi ya kemikali hizi huwa zimeshapita kiwango salama kabla pua haijazisikia.

Nne, wewe fundi, usimwage thina, petroli ya kuoshea injini wala oili kuukuu ardhini, chooni au mtaroni. Ziweke katika mtungi wenye kifuniko, uzipeleke kwa wanaoruhusiwa kuzikusanya. Kisima unachokichafua huenda ndicho kinachompa mwanao maji shuleni.

Tano, ukienda kwa daktari mwambie kazi unayofanya. Mpaka rangi, dobi wa drai klini na mhudumu wa kituo cha petroli huvuta kemikali hizi kazini kwa kiasi kikubwa kuliko kile ambacho wengi wetu tungeweza kukinywa.

Wanaotunga viwango na kutoa leseni wana jambo moja la kujifunza kutokana na kambi ile ya North Carolina. Kemikali ikipatikana majini, swali la kwanza lisiwe "Je, imekatazwa?" bali "Je, watu wanainywa?" Kama wanainywa, kisima kifungwe kwanza, sheria ifuate. Kupima kisima ni kazi ya siku chache. Kansa ya figo ni kazi ya maisha yote yaliyosalia.