Kingamwili ya Kv2.1: Tununue Yenye Rangi au Tupu?

Kv2.1 ni chaneli ya potasiamu iliyojaa tele kwenye seli za ubongo. Anayetaka kuiona kwa hadubini ana njia mbili. Anaweza kununua kingamwili iliyokwisha kuunganishwa na rangi inayong'aa, au anunue kingamwili tupu pamoja na kingamwili ya pili yenye rangi, itakayoing'ang'ania ile ya kwanza. Ukilinganisha bei za vichupa utapotea. Piga hesabu kwa slaidi.

Chukua mfano huu: slaidi moja inahitaji mikrolita 200 za mchanganyiko. Kichupa chenye rangi, mikrolita 100 kwa dola 400, kikizimuliwa mara 100 kinatosha slaidi 50, yaani dola 8 kila moja. Kingamwili tupu ya ujazo na bei hiyohiyo, ikizimuliwa mara 500, inatosha slaidi 250: dola 1.60. Ongeza kingamwili ya pili, mikrolita 500 kwa dola 250, nayo ikizimuliwa mara 500: senti 20. Jumla ni dola 1.80. Isitoshe, kingamwili za pili kadhaa hushika moja ya kwanza, hivyo mwanga huzidi.

Yenye rangi inastahili gharama unapochunguza ubongo wa panya kwa kingamwili iliyotokana na panya, kwa kuwa kingamwili ya pili hushika hata kingamwili za mnyama mwenyewe zilizobaki kwenye tishu, na slaidi ikachafuka. Inafaa pia unapochanganya kingamwili mbili za panya, ila hapo angalia aina kwanza. Kingamwili ya panya K89/34, inayojulikana sana kwa Kv2.1, ni ya aina ya IgG1. Mwenzake akiwa IgG2a, kingamwili za pili zinazotofautisha aina hizo zitamaliza kazi kwa bei nafuu.

Kwa upande wa rangi, FITC na Alexa Fluor 488 zote hung'aa kijani kwa leza ya nanomita 488. FITC hufifia haraka ikimulikwa, na hupungua nguvu kwenye asidi. Kwa picha za muda mrefu, lipia Alexa. Vichupa vya rangi vitunzwe gizani.

Kabla ya kulipa, mdai muuzaji picha ya tishu ya panya aliyeondolewa jeni ya Kv2.1, ambayo haipaswi kung'aa, na ushahidi kwamba kingamwili haishiki Kv2.2, ndugu yake wa karibu. Slaidi nzuri huonyesha vishada vya kijani kwenye utando wa mwili wa seli na mwanzo wa matawi yake. Kijani kikitapakaa kila mahali, hata ndani ya kiini, hicho ni kichafu.

Kwa maabara nyingi, anzeni na tupu pamoja na ya pili. Yenye rangi nunueni pale tu jaribio linapoidai.