Faharasa na Daftari la Seva

Mwanafunzi anayetafuta neno "kinyonga" katika kitabu cha biolojia hasomi kurasa zote. Hufungua faharasa iliyo mwishoni. Seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, nayo huweka faharasa ya kila neno na hati zilizo nalo.

Aidha, seva huwa na daftari ambamo kila ombi la msomaji huandikwa mstari mmoja. Tuchukulie kwamba mstari una baiti 200, na maombi ni 1,000,000 kwa siku. Daftari litaongezeka megabaiti 200 kila siku. Baada ya siku 100 litafikia gigabaiti 20.

Hatari hutokea daftari na faharasa vinapokaa katika diski moja. Programu ya Elasticsearch, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, kwa mpangilio wake wa kawaida huzuia kuandika katika faharasa diski inapojaa asilimia 95. Tangu hapo hati mpya haziingii, na azitafutaye hazipati.

Kwa hiyo daftari hufungwa kila siku na jipya kufunguliwa. Yaliyofungwa hubanwa, kisha hufutwa baada ya muda uliopangwa. Lakini yasomwe kwanza, kwani humo ndimo dalili za hitilafu huonekana mapema.