Kabla Hujapanda Gari Kwenda Gerezani: Masharti ya Kumtembelea Mahabusu na Mfungwa

Mtu akihukumiwa leo asubuhi katika Mahakama ya Taveta, ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu hukumu itolewe, wala hazingoji familia ipate nauli ya kwenda kumwona. Kama amepelekwa Manyani, jamaa zake watasafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Voi, kisha nyingine zipatazo 30 kwenye barabara kuu ya Nairobi. Mzazi akifika langoni bila kitambulisho, au siku ambayo si ya wageni, au akitaja jina lisilolingana na lile lililo kwenye rejista, atarudishwa. Nauli imekwenda, na pengine wiki nzima imekwenda nayo.

Nyingi ya safari kama hizo zingeweza kuokolewa kwa kuuliza mambo machache mapema.

Ruhusa hutolewa na nani

Magereza ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, si ya kaunti. Yanasimamiwa na Idara ya Magereza ya Kenya, iliyo chini ya Idara ya Serikali ya Huduma za Kurekebisha Tabia. Kwa hiyo barua ya msimamizi wa wadi, ya mwakilishi wa wadi au hata ya ofisi ya Gavana haimfungulii mtu lango la gereza la Voi, la Wundanyi wala la Manyani. Mwenye kuruhusu au kukataa ni mkuu wa gereza husika, akifuata Sheria ya Magereza, Sura ya 90, na kanuni zake.

Hata hivyo mkuu huyo hatoi fadhila. Kifungu cha 51 cha Katiba kinasema kwamba mtu aliyefungwa au aliye kizuizini anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kwenda pamoja na kule kuzuiliwa kwake. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014 ilitungwa ili kutekeleza kifungu hicho, na mawasiliano na familia ni sehemu yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinakwenda mbele zaidi: kumkataza mfungwa kuonana na familia yake kusitumiwe kama adhabu ya kinidhamu. Njia ya kuonana inaweza kubanwa kwa muda kwa sababu za usalama, lakini haiwezi kufutwa.

Kwa lugha ya langoni, mgeni ana haki ya kusikilizwa na kupewa sababu anapokataliwa, na mkuu wa gereza ana mamlaka ya kupanga siku, saa, mahali na namna ya kuonana. Pande zote mbili zikilijua hilo, ugomvi wa langoni hupungua.

Mahabusu si mfungwa

Swali la kwanza kujibiwa ni kama mtu wenu bado ana kesi au amekwisha kuhukumiwa. Aliye rumande akingoja kesi ni mahabusu, na sheria inamhesabu hana hatia. Anaweza kuvaa nguo zake mwenyewe, na sheria inamruhusu kupokea chakula, nguo na matandiko kutoka nje, baada ya kukaguliwa na kwa masharti ya gereza. Mahabusu pia huruhusiwa kuonana na wageni mara nyingi zaidi, kwa kuwa anahitaji kutafuta wakili, mashahidi na wadhamini.

Aliyehukumiwa huvaa sare, hupangiwa kazi, na nafasi zake za kuonana na wageni ni chache zaidi. Siku hizo hutofautiana kati ya gereza moja na jingine, na siku ya wageni wa mahabusu huenda isiwe ya wageni wa wafungwa hata pale wanapokaa kwenye boma moja. Ratiba hubandikwa langoni. Anayeishi mbali na hajui mtu wa karibu wa kumtazamia anaweza kuuliza kituo cha polisi au mahakama iliyotoa hati ya kifungo, maana ofisi hizo huwasiliana na gereza kila wiki kuhusu mahabusu wanaopelekwa mahakamani.

Wanaoshikiliwa katika seli za polisi wako chini ya utaratibu mwingine. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata kama muda huo umeishia nje ya saa za mahakama, na kinampa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Hapo jamaa huenda kwa afisa msimamizi wa kituo, si gerezani.

Kumjua aliko

Familia nyingi hudhani mtu aliyehukumiwa Wundanyi yuko Wundanyi. Huenda alilala hapo usiku mmoja tu. Wafungwa huhamishwa kulingana na urefu wa kifungo, usalama, afya na nafasi iliyopo. Wanaume wenye vifungo virefu huweza kupelekwa kwenye magereza yenye ulinzi mkali kama Manyani. Wanawake huweza kupelekwa nje ya kaunti hii, kwa mfano Shimo la Tewa huko Mombasa au Lang'ata jijini Nairobi. Mvulana wa chini ya miaka 18 huweza kupelekwa taasisi ya Borstal, kama ile ya Shimo la Tewa, ambako taratibu za wageni humweka mzazi au mlezi mbele ya wengine.

Njia ya uhakika ni kuanzia mahakamani. Andikeni namba ya kesi siku ileile ya hukumu, pamoja na majina yote matatu kama hakimu alivyoyasoma. Jina la nyumbani halisaidii kitu kwenye rejista ya gereza. Kijana anayeitwa Baraka mtaani huenda ameandikwa kwa majina mengine kabisa ya kitambulisho chake, na askari wa langoni hana namna ya kujua kuwa ni mtu mmoja. Akishapewa namba ya mfungwa, jamaa waihifadhi vizuri. Kila barua na kila pesa atakayopelekewa itapitia namba hiyo.

Langoni

Mgeni mtu mzima aje na kitambulisho cha kitaifa cha asili, au pasipoti. Aliyepoteza kitambulisho aje na hati ya polisi ya kupotelewa pamoja na karatasi ya kusubiri kipya, na itamfaa zaidi akiwa na barua ya chifu inayoeleza uhusiano wake na anayetembelewa. Barua hiyo haina ada. Mtoto aje na mtu mzima, na kubeba cheti chake cha kuzaliwa huondoa maswali mengi, hasa pale anayemleta si mama wala baba yake.

Mgeni huandikishwa jina lake, namba ya kitambulisho, anakotoka na uhusiano wake na mfungwa. Baada ya hapo hukaguliwa. Mwanamke hukaguliwa na askari mwanamke. Ukaguzi unahitaji ridhaa ya mgeni. Anaweza kukataa, ila gereza nalo linaweza kukataa kumwingiza. Ukaguzi wa kudhalilisha si sehemu ya utaratibu, na Kanuni za Nelson Mandela zinasema wazi kuwa watoto wasikaguliwe ndani ya matundu ya mwili.

Simu huachwa nje. Hili ndilo linalowakwamisha wengi, kwa kuwa mtu husahau ya pili iliyo mkobani, au laini iliyo ndani ya pochi. Simu, laini, pombe, sigara, bangi na dawa nyingine za kulevya, vitu vyenye ncha na pesa taslimu za kumpa mfungwa mkononi haviruhusiwi, na kuviingiza kwa siri ni kosa la jinai. Watu wamekwenda kusalimia ndugu wakaishia kushtakiwa wao wenyewe kwa sababu ya kifurushi walichopewa na jirani wasichokifungua. Usibebe mzigo wa mtu mwingine kuingia gerezani, hata kama ni sabuni.

Vitu vya matumizi kama sabuni, dawa ya meno, chupi, taulo za hedhi na vitabu hupokelewa katika magereza mengi vikiwa vipya na vimefungwa, lakini kila gereza lina orodha yake na ni afadhali kuiuliza kwanza. Chakula kilichopikwa nyumbani hukataliwa mahali pengi kwa sababu za usalama, hata kwa mahabusu. Dawa za hospitali hazipitishwi dirishani. Hukabidhiwa zahanati ya gereza pamoja na karatasi ya daktari. Mfungwa mwenye kisukari, kifafa au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asikae siku tatu bila dawa kwa sababu familia ilingoja siku ya wageni. Jambo hilo lipelekwe kwa mkuu wa gereza au zahanati siku yoyote.

Pesa

Kumtembelea mtu gerezani ni bure. Hakuna ada ya kuandikishwa, ya kuitiwa mfungwa wala ya kuongezewa dakika. Anayedai pesa hizo anaomba hongo, na chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea.

Pesa za matumizi ya mfungwa huwekwa kwenye akaunti yake kupitia ofisi ya gereza, na aliyeleta hupewa risiti. Zisitumwe kwa simu ya askari, wala kwa namba ambayo mfungwa ameipiga usiku akisema ni yake. Wafungwa hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo namba hiyo ama ni ya magendo ama ni ya tapeli aliye nje. Wakenya wote wanazijua simu za “mtoto wako amepata ajali, tuma pesa ya matibabu”. Zile za “tuma elfu kumi kifungo kipunguzwe” ni ndugu zake. Kifungo hakipunguzwi kwa njia hiyo. Sheria ya Magereza yenyewe huwapa wafungwa wengi wenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja punguzo la thuluthi moja kwa kazi na mwenendo mzuri, bila kulipa senti. Punguzo hilo haliwahusu, kwa mfano, waliofungwa maisha. Tarehe ya kutoka imeandikwa kwenye rejista, na mfungwa anaweza kuiulizia ofisi ya kumbukumbu.

Mambo ya kuulizana dakika zikiwa chache

Mazungumzo ni mafupi na askari yupo karibu. Watu hulia, husalimiana, hupeana habari za mbuzi na za mazishi, kisha kengele inalia. Ni sawa, lakini ziara ya kwanza ina kazi zake.

Kama mtu amehukumiwa, muulizeni kama anataka kukata rufaa. Hahitaji kungoja apate wakili: Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamruhusu kumkabidhi mkuu wa gereza ombi lake la rufaa, naye hulipeleka mahakamani. Siku 14 zikipita, mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri, ila itabidi aombe na aeleze. Kwa wasio na uwezo kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Mawakili nao wana utaratibu wao wa kuingia, na mazungumzo yao na mteja hufanyika askari akiwaona bila kuwasikia.

Muulizeni pia kama alipewa faini. Aliyefungwa kwa kukosa faini hutoka inapolipwa, na hata sehemu yake ikilipwa kifungo hupungua kwa kadiri hiyo. Kuna watu wanaomaliza miezi gerezani kwa faini ambayo ukoo ungeichanga kwa wikendi moja, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza. Malipo hufanywa kwa njia rasmi za serikali, na risiti hupelekwa gerezani. Kwa mahabusu, ulizeni masharti ya dhamana na tarehe ya kurudi mahakamani.

Mtu ambaye ni shahidi katika kesi hiyohiyo, au mlalamishi, asiende kumwona mahabusu bila kumwarifu kwanza afisa wa upelelezi au kiongozi wa mashtaka. Ziara yenye nia njema inaweza kusomwa kuwa ni kuingilia ushahidi, na dhamana ikafutwa.

Vikundi vya makanisa, misikiti na vyama vya akina mama wanaotaka kuwatembelea wafungwa wengi kwa pamoja huandika barua mapema kwa mkuu wa gereza wakieleza majina, idadi na wanachokusudia kuleta. Waandishi wa habari na watafiti hupeleka maombi yao kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, Nairobi. Baadhi ya magereza huwa na siku za wazi ambapo familia huketi na wafungwa bila dirisha katikati. Ni vyema kuulizia tarehe zake, hasa kwa wenye watoto wadogo.

Akikataliwa langoni, mgeni aombe kwa upole kumwona afisa wa zamu, kisha mkuu wa gereza au naibu wake, na aandike tarehe, saa na sababu aliyopewa. Malalamiko yasiyotatuliwa hapo hupelekwa makao makuu ya Idara ya Magereza, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu au Tume ya Haki na Utawala, inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Ya hongo huenda kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Na wakati lalamiko likishughulikiwa, barua bado inaweza kwenda: iandikwe kwa majina matatu na namba ya mfungwa, ikijulikana kwamba itasomwa na askari kabla haijamfikia.