Ramadhani ya Gharika na Ramadhani ya Kiu

MTAJIE mtu wa Mwambao, aliyekuwa na akili zake mwaka 1997, neno "El Nino", hatakuuliza maana yake. Atakusimulia. Atakwambia nyumba ya nani ilianguka, daraja gani lilichukuliwa na maji, na ni siku ngapi basi la Nairobi lilikaa njiani. Hadi hii leo mvua ikizidi kidogo tu, utasikia barazani mtu akisema, "Hii sasa ni El Nino."

Lakini mwulize mtu huyo huyo kuhusu vuli ya mwaka uliofuata, 1998. Hapo atafikiri kidogo. Vuli ile haikubomoa nyumba wala haikukata barabara. Haikufanya lolote, kwa sababu haikuja. Na mgeni asiyefika haachi nyayo mlangoni. Ndipo mimi leo, msomaji wangu, nikaona tumkumbuke huyu aliyesahauliwa, kwani yeye ndiye aliyetuumiza kwa muda mrefu zaidi.

Tuanze na gharika. Vuli kwa desturi yetu ni mvua ya adabu. Masika ndiyo mvua kuu. Mjini Mombasa mwezi wa Mei peke yake hupata zaidi ya milimita 200 katika mwaka wa kawaida. Vuli huja Oktoba na Novemba, kusi ikiwa imekwisha kuchoka na kaskazi haijakaza, na mvua yake ni kama nusu ya ile ya masika. Ukienda kaskazini, upande wa Lamu, hupungua zaidi. Mkulima hupanda kunde na mahindi ya muda mfupi, mama wa nyumbani hutega mapipa yake chini ya mlizamu wa bati, na maisha huendelea.

Mwaka 1997 vuli ilivunja adabu. Ilianza Oktoba ikapiga Novemba yote, ikaingia Disemba, na mwaka mpya ulipofika ilikuwa ingali yanyesha. Barabara ya Mombasa na Nairobi ilikatika. Mto Tana ukafurika ukameza mashamba na vijiji. Huko Garissa na sehemu za Kaskazini Mashariki, maji yaliyotuama yalizaa mbu, na mbu wakaleta Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua mifugo kwa maelfu na watu kwa mamia. Mwezi wa Februari 1998 Saudi Arabia ikafunga mlango wake kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na wafugaji walionusurika na maji na maradhi wakajikuta hawana pa kuuza.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1418 uliandama katika hali hiyo, mwishoni kabisa mwa 1997. Nakumbuka tukienda tarawehe viatu mkononi, suruali na kanzu zimepandishwa hadi magotini. Kuni zilikuwa mbichi, makaa yamelowa, na mbaazi za kufuturia zilichukua alasiri nzima kuiva. Nje ya msikiti maji yalikuwa yapita njiani kama mto. Hakuna aliyefikiri kuyateka. Ya nini? Kila pipa lilikuwa limejaa hadi likamwagika.

Basi weka picha hiyo akilini, kisha ruka miezi kumi na miwili kasoro kama siku kumi na moja, maana mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua. Ramadhani ya 1419 iliandama karibu na Disemba 20, 1998. Vuli ilikuwa imekwisha muda wake bila ya kufanya kazi yake. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma, kavu, na mawingu yaliyopita yalikuwa meupe na mepesi kama pamba. Mifereji ilikuwa yatoa hewa, na mwenye mkokoteni wa maji ndiye aliyekuwa tajiri wa mtaa. Saumu zile mbili, moja ya maji hadi magotini na nyingine ya kuhesabu vikombe wakati wa daku, zilikuwa za watu wale wale, katika nyumba zile zile.

Huu haukuwa mkosi wa mtaa mmoja. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikosa vuli mwaka huo, na ukame ukaendelea hadi 2000. Mabwawa ya Mto Tana, ambayo miaka miwili tu kabla yalikuwa yamefurika, yakapungua hata umeme ukawa unakatwa kwa zamu nchi nzima. Aliyelala gizani mwaka 2000 hakulihusisha giza lile na vuli iliyokosa, lakini mwanzo wake ulikuwa huko.

Je, yawezekanaje anga ikatoa kila kitu mwaka mmoja, kisha ikanyima mwaka wa pili? Jawabu li baharini, na si mbali na macho yetu. Kwa kawaida Bahari ya Hindi ina joto zaidi upande wa Sumatra kuliko upande huu wetu, na mawingu makubwa hukusanyika huko. Mwaka 1997 mambo yaligeuka. Maji ya Sumatra yalipoa, maji ya kwetu yakapata moto, na pepo za juu ya bahari zikavuma kutoka mashariki zikituletea unyevu wote. Mwaka 1998 mizani ikainama upande mwingine: moto ukarudi Sumatra, na mawingu yakaufuata. Na kule Bahari ya Pasifiki, El Nino ilipomaliza joto lake, ikafuatwa na kinyume chake, yaani La Nina, ambayo kwa vuli yetu si rafiki.

Cha ajabu ni kwamba mizani hiyo ya Bahari ya Hindi, ambayo imekuwa ikipanda na kushuka tangu zama ambazo hatuzijui, haikuelezwa vizuri na wataalamu mpaka mwaka 1999. Saji na Yamagata, pamoja na wenzao, waliandika habari zake baada ya kuitazama miaka kama 1961, 1994 na huo wa 1997. Yaani tulipokuwa tukivua viatu kwenda tarawehe, hata mabingwa wenyewe walikuwa bado wanatafuta jina la kilichokuwa kikitupata.

Wavuvi waliliona joto lile kwa macho yao. Mapema mwaka 1998 matumbawe ya Mwambao, kuanzia Kiunga hadi kusini, yaligeuka meupe kama mifupa, na sehemu kubwa yakafa. Maji yaliyopata moto hata yakatuletea mvua ndiyo yaliyoyaunguza matumbawe, na samaki wa mwambani wakapoteza nyumba. Kwa hiyo mvuvi alipata hasara katika mwaka wa maji, na mkulima katika mwaka wa ukavu.

Wazee wetu walikuwa na njia yao ya kuyafuata majira. Mwaka wa Nairuzi, ambao ni wa siku 365, waliugawa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na manahodha na wakulima wakihesabu mwongo kwa mwongo kujua lini kufungua tanga na lini kutia mbegu ardhini. Siku ya Mwaka ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa na dua zikasomwa, jambo ambalo baadhi ya masheikh hawakulipenda. Hesabu hiyo ni nzuri, nami naisikitikia kupotea kwake, lakini tusiisifu kupita kiasi. Haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea. Katika karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia mwezi wa Agosti; siku hizi kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa huwa mwezi wa Julai. Tena mwongo hukwambia vuli hufika lini. Haukwambii kama mwaka huu itafika.

Na kwa kuwa hawakuweza kulijua hilo, wazee walifanya kitu kingine: walijenga. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, msomaji, uniwie radhi.

Nenda kisiwa cha Pate, au Ndau, au Kiwayu, uione jabia. Ni sakafu pana iliyoinama kidogo, ya chokaa zile za zamani na ya saruji hizi za sasa, na maji yote ya mvua yanayoipiga huteremka hadi kwenye shimo kubwa lililosakafiwa. Visima vya huko vingi ni vya chumvi. Jabia ndiyo roho ya kijiji, na ilijengwa kwa dhana moja tu, kwamba mvua ya leo ni ya kunywewa miezi ijayo. Kila msikiti wa kale una kisima na birika, na si kwa ajili ya udhu pekee. Mji ukikauka watu waliteka hapo.

Gedi, mji wa kale ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2024, una visima kila pembe. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu yake mwaka 1948, aliona dalili kwamba kisima cha karibu na msikiti mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, na wako wanaodhani kwamba kushuka kwa maji ni moja ya sababu zilizowafanya watu wauhame mji ule. Ziko sababu nyingine pia, na mimi si mchimbuaji. Lakini kila nipitapo pale huwawazia watu waliokuwa wakishuka na majembe ndani ya kisima, kila mara chini kidogo.

Lamu nayo ina ghala yake ambayo hakuijenga binadamu, nayo ni michanga ya Shela. Mvua ikinyesha juu ya vile vilima, maji huchujwa yakashuka polepole na kukaa chini, matamu, yakielea juu ya maji ya chumvi. Visima vya Shela huteka hapo na mji mzima wa Lamu hunywa. Ukiteka kuliko kilichoingia, chumvi hupanda. Ukijenga majumba juu ya mchanga, mvua haiingii. Kwa hiyo nionapo ukuta mpya wa nyumba ya fahari ukipanda huko, sioni nyumba. Naona mfuniko juu ya mtungi wa watu.

Habari ya gharika na ukavu kufuatana ina mfano wake katika hadithi mashuhuri ya Anas bin Malik, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (s.a.w.) akiwa katika khutba, akalalamika kwamba mali imeangamia na njia zimekatika kwa ukame. Mtume akainua mikono kuomba, na mbingu haikuwa na wingu. Mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akaja mtu mlangoni, na malalamiko yake yakawa yale yale: mali imeangamia na njia zimekatika, safari hii kwa maji. Mtume hakuomba mvua iondolewe duniani. Aliomba izunguke pembezoni, iende vilimani na mabondeni na kwenye mizizi ya miti, isiwe juu yao. Imamu wetu aliikumbusha hadithi hiyo mwaka 1998, tulipotoka uwanjani kuswali rakaa mbili za kuomba mvua na shuka zikageuzwa mabegani. Sijui wangapi kati yetu tulikumbuka kwamba mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa pili wa hadithi hiyo hiyo.

Na mambo hayo yamerudi. Vuli ya 2019 ilikuwa ya mafuriko, masika ya 2020 yakaua zaidi ya watu 200 nchini, kisha vuli ya 2020 ikakosa, na baada yake majira manne mengine yakakosa mfululizo hadi mwisho wa 2022. Mwaka 2023 El Nino ikarudi na vuli ya maji. Masika ya 2024 yakapita na roho za watu zaidi ya 200 wengine, wakiwemo waliozama mtoni Tana walipokuwa wakivushwa kwa mashua karibu na Madogo mwezi wa Aprili. Vuli ya 2024 ikaja haba. Si kila gharika hufuatwa na ukavu, na atakayeifanya kanuni atajidanganya. Ila imetokea mara za kutosha hata mtu asiseme hakuambiwa.

Siku hizi utabiri wa vuli hutolewa mapema, na ni bora kuliko zamani, hasa bahari inapoonyesha wazi imeinama upande gani. Lakini baada ya mwaka wa mafuriko watu huwa hawataki kusikia habari za ukame. Fedha zote huwa zimekwenda kwenye madaraja na mitaro ya kuyatoa maji upesi yaende pwani, na jabia iliyopasuka huambiwa ingoje.

Nyumbani kwetu marehemu bibi alikuwa na amri yake. Septemba ikielekea kwisha, mapipa yote hutolewa uani, husuguliwa kwa makumbi na mchanga, kisha hupangwa chini ya mlizamu, iwe mwaka uliopita ulinyesha au haukunyesha. Mwaka 1998 tulimcheka, kwa vile maji ya mwaka ule yalikuwa bado hayajatutoka masikioni. Tuliyasugua hivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama nilikwenda kuchungulia, na ndani ya pipa la kwanza buibui alikuwa amekwisha kutanda utando wake, kutoka ukingo hadi ukingo.