Kuijua Seli ya Sola kwa Hesabu za Vizazi

Seli ya sola hupokea mwanga na kutoa umeme. Paneli hupimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Bangwe, Kigoma, jua la mchana huzipandisha seli joto kupita hapo, na umeme hupungua. Anayetaka kujua kama betri ya taa ya kuvulia dagaa itajaa kabla ya usiku anahitaji modeli ya seli.

Modeli rahisi, ya diodi moja, ina vigezo vitano: mkondo unaozaliwa na mwanga, mkondo mdogo wa kurudi nyuma wa diodi, kipimo cha tabia ya diodi hiyo, ukinzani wa viungio, na ukinzani wa njia za uvujaji. Kinachopimika kwa nje ni volti na mkondo tu. Vigezo vyenyewe lazima vitafutwe kwa hesabu. Mbinu za kawaida huanzia kwenye kadirio moja, na likiwa baya huweza kunasa kwenye jibu lisilo bora.

Algoritimu ya kijenetiki, iliyoelezwa na John Holland wa Marekani katika kitabu chake cha 1975, huanza na majibu mengi ya kubahatisha. Kila jibu hulinganishwa na vipimo. Yaliyokaribia zaidi hupewa nafasi kubwa ya kuzaa: vigezo vya wazazi wawili huchanganywa, na mara chache kimoja hubadilishwa kwa bahati ili kufungua njia mpya. Kizazi baada ya kizazi, tofauti na vipimo hupungua.

Mwaka 2001, Joseph Jervase, Hadj Bourdoucen na Ali Al-Lawati wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Oman, waliijaribu njia hii kwa modeli ya diodi mbili. Walitumia data za kompyuta ambazo vigezo vyake vilijulikana, hivyo kosa lilipimika. Msako ulipofungwa ndani ya asilimia 5 ya thamani halisi, majibu yalikosea kwa asilimia 0.1 hadi 1. Ulipopanuliwa hadi asilimia 100, kosa lilifika kati ya asilimia 2 na 36.

Kwa hiyo bahati haichukui nafasi ya ujuzi. Mipaka ya msako iwekwe kwa vipimo makini, hesabu irudiwe, na jibu lijaribiwe kwa vipimo ambavyo havikutumika kulitafuta. Likithibitika, ukinzani wa viungio uliopanda humwelekeza fundi kukagua viungio vilivyolegea au kupata kutu.