Mtu akipotea, podkasti inaweza kusaidia ao kuharibisha

Mwezi wa kwanza 1982, Lynette Dawson, mama wa watoto wawili, alipotea Sydney, Australia. Bwana yake Chris alisema ameenda mwenyewe. Mwaka 2018, mwandishi wa habari Hedley Thomas alitoa podkasti, ni kusema emisio ya kusikiliza kwenye telefone, juu ya kupotea kwake. Mwisho wa mwaka ule Chris alikamatwa; 2022 alihukumiwa miaka 24 ya gereza. Maiti haijaonekana mpaka leo.

Lakini emisio ile ilichelewesha kesi, juu watu walikuwa wamekwisha kumuhukumu mbele ya tribinali. Msikilizaji, ukijua kitu juu ya mtu aliyepotea, kipeleke kwanza kwa wenye kufanya anketi. Jina likitupwa kwa WhatsApp bila ushahidi, linaweza kuua kesi, hata mtu.