Jani la Mpunga na Saa 18

Konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, una unene wa takriban nusu milimita. Jani la mpunga, bua la muhindi au pumba iliyopeperushwa wakati wa kupepeta hutosha kuuchubua. Mkulima hufikicha jicho, hutokwa machozi, kisha hurudi kazini. Mchubuko wenyewe mara nyingi hujifunga kwa siku moja au mbili. Balaa ni bakteria au kuvu wanaopenya kabla haujafunga: konea huoza, kidonda kikipona huacha chamba, na jicho lililoamka zima siku ya mavuno halioni tena.

Aliyelivalia njuga suala hili ni Madan P. Upadhyay, daktari bingwa wa macho wa Nepal. Yeye na wenzake walifuatilia kwa miaka 2 wakazi 34,902 wa Bhaktapur, karibu na Kathmandu, kwa msaada wa wahudumu 81 wa huduma ya msingi ya macho. Yaliripotiwa majeraha 1,248, na kati yake 551 yalikuwa michubuko ya konea. Watu 442 walipewa marhamu ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Waliopona bila maambukizi walikuwa 424.

Katika matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2001, kinachokamata macho ni saa. Waliofika ndani ya saa 18 tangu kuumia hawakupata kidonda hata mmoja. Waliofika kati ya saa 18 na 24, waliougua ni 4 kati ya 109. Waliochelewa zaidi, hadi saa 48, waliougua ni 14 kati ya 49, zaidi ya robo. Aliyechomwa na jani saa nne asubuhi, muda wake unakwisha saa kumi alfajiri ya usiku uleule. Kwa hiyo “nitakwenda kesho asubuhi”, jibu la busara kabisa kwa mtu mwenye shamba lisilongoja, tayari limechelewa.

Tena mchubuko hauonekani kirahisi. Mhudumu hulowanisha kijikaratasi chenye rangi ya fluoresini, hukigusisha ndani ya kope la chini, na mgonjwa hupepesa. Chini ya tochi ya mwanga wa bluu, palipochubuka hung'aa kijani. Ni kifaa cha bei ndogo, na bila hicho jicho jekundu hubaki kuwa jicho jekundu tu.

Upadhyay na wenzake wanashikilia kwamba katika mazingira ya vijijini vidonda hivi vinazuilika, mradi dawa ianze mapema. Hoja ni nzito, lakini Bhaktapur haikuwa na kundi la kulinganisha. Jaribio kubwa la Nepal lililochapishwa mwaka 2022, ambamo wanawake wanaojitolea katika afya ya jamii waligawa marhamu katika maeneo yaliyochaguliwa kwa kura, halikuonyesha kupungua kwa vidonda. Je, waliochubuka hawakuwafikia wahudumu? Au wengi wangepona hata bila dawa? Tyubu ya marhamu kuwapo kijijini, kumbe, si sawa na tyubu kulifikia jicho.

Dharura nyingine hazina hata hizo saa 18. Chokaa, asidi ya betri au sumu ya swila, nyoka anayetema mate katika nyika za Afrika Mashariki, huoshwa papo hapo kwa maji safi mengi, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa dakika zisizopungua 15. Kwa chokaa, zaidi, na chembe zake ziondolewe. Hapa maandalizi ni ndoo iliyojaa kabla ya kazi kuanza. Mkojo na utomvu wa majani, tiba za haraka katika vijiji vingi, huongeza vijidudu au kuunguza upya. Matone yenye steroidi, yanayouzwa madukani bila cheti, hulegeza kinga ya konea na kunenepesha kuvu.

Jicho lililotobolewa lina kanuni yake. Halioshwi, halipakwi marhamu, na kilichochoma hakichomolewi. Hufunikwa kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa kwa plasta kwenye mfupa unaolizunguka, na mgonjwa hupelekwa siku hiyohiyo kwa daktari wa macho anayeweza kushona.